Siku 120 za kutafuta sentensi moja

Siku ya 1

Kwa miaka minne nimejificha nyuma ya methali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: ndivyo nilivyokuwa najiambia kila nikiona wenzangu wanajinadi mtandaoni. Kazi yangu ni nzuri, basi itanisemea yenyewe.

Leo nimepitia daftari la wateja. Waliorudi zaidi ya mara moja ni kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walielekezwa kwangu na watu wawili tu. Mmoja wa hao wawili kaacha kazi mwezi uliopita na kuhamia shughuli nyingine kabisa. Yaani barua ya mtu mwingine ya kuacha kazi imenizibia nusu ya mlango wa riziki, na mimi nimekuja kujua wiki tatu baadaye.

Basi huu ndio mradi: siku 120 za kulifanya jina langu lijulikane kwa kitu kimoja, kwa watu wasiowajua wale wawili. Kazi yenyewe ni kusafisha majedwali ya hesabu ya kwenye kompyuta, yaani mafaili ya mauzo, orodha za mahudhurio, bajeti zilizopita mikononi mwa watu saba kabla ya kunifikia. Humu nitaandika nilichofanya na kilichoharibika. Wafuasi sitawahesabu. Nitahesabu jumbe za watu nisiowajua wanaouliza kazi. Leo idadi ni sifuri.

Wasifu wangu ulivyo sasa hivi, neno kwa neno:

"Mtaalamu wa suluhisho za data. Mbunifu. Nina shauku ya kugeuza takwimu kuwa maarifa. Karibu tujenge kesho pamoja."

Nimeusoma kwa sauti. Simjui huyo mtu, na kama ningekuwa na faili limeharibika usiku huu nisingempelekea.

Siku ya 2

Mama mdogo kapiga simu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe hasa unafanya kazi gani? Jana nimeulizwa, nikasema uko kwenye kompyuta."

Nikamweleza. Dakika kumi nzima, nikaeleza fomula, nikaeleza namna faili linavyoweza kuonekana zima kumbe limeoza ndani, nikaeleza mpaka tofauti ya jedwali na hifadhidata. Akanisikiliza kwa upole wote.

"Haya," akasema. "Kwa hiyo uko kwenye kompyuta."

Kosa si lake. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa vidole kufuata mdundo wa nyimbo zinazojulikana na kila mtu, na wengine wakasikiliza na kukisia ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba wasikilizaji wangepatia nusu. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa ni 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, na ala zake, na maneno yake. Anayesikiliza anasikia ko, ko, ko.

Mimi nimegonga meza miaka minne.

Siku ya 5

Nimefanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya zamani. Nimerudi kwenye mazungumzo ya zamani ya simu na barua pepe, nikanakili ujumbe wa kwanza kabisa wa kila mmoja wa wale wateja kumi na mmoja, ule aliouandika kabla sijafungua mdomo na kumfundisha maneno yangu. Baadhi, kama yalivyo:

"Dada samahani kwa usumbufu, ripoti inasema kingine na jedwali linasema kingine."

"Jumla ya juu na ya chini hazikubaliani. Nimerudia mara tatu."

"Namba zote za simu zimekatwa sifuri ya mwanzo, sijui nani kafanya."

"Bosi anazitaka saa nane na sioni kosa liko wapi."

Ujumbe kumi na mmoja. Neno "data" halimo hata mara moja. "Maarifa" halimo. "Suluhisho" halimo. Neno "jumla" limo katika nane. Na kitu kingine ambacho sikukitegemea: karibu wote walitaja saa, siku au mtu atakayeliona faili. Hawa watu hawakuja kutafuta takwimu zilizogeuzwa kuwa maarifa. Walikuja kwa sababu kuna kikao, na katika kikao hicho kuna mtu mwenye kalamu nyekundu.

Miaka yote nilidhani nauza ustadi wa fomula. Kumbe kilichokuwa kinanunuliwa ni mtu kuingia kikaoni bila jasho. Fomula ni chombo tu, kama bisibisi ya fundi. Hakuna anayempigia fundi simu kwa kuvutiwa na bisibisi.

Nakumbuka mteja mmoja niliyemsafishia faili la mistari elfu tisa, kazi ya siku mbili, nikamwandikia kurasa tatu za maelezo ya nilichofanya. Akajibu: "Asante. Kwa hiyo sasa zinakubaliana?" Wakati ule niliumia kidogo. Leo naona alikuwa amenipa sentensi yangu bure.

Siku ya 6

Mwaka 1997 Tom Peters, mwandishi wa Marekani wa masuala ya biashara, aliandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mtu sasa ni chapa, na akawataka wasomaji wajieleze kwa maneno yasiyozidi 15. Mengi katika makala ile yananikera, hasa kule kumfanya binadamu awe kama kopo la sabuni, lakini lile zoezi la maneno 15 ni zuri kwa sababu ni gumu.

Mitandao nayo inabana. Wasifu wa TikTok ni herufi 80, wa Instagram 150, wa X 160, na ule mstari wa chini ya jina kule LinkedIn ni 220. Nimeamua kuandikia ule mdogo kuliko yote na kutumia maneno yaleyale kila mahali, badala ya kuandika toleo refu la hapa na fupi la kule.

Sentensi ya kwanza: "Ninafanya jumla zako zikubaliane."

Maneno manne. Nimeiweka kila mahali jioni hii na nimejipongeza.

Siku ya 9

Wakati wa kuiweka nimegundua aibu nyingine. Nina akaunti nne na majina matatu. Kwenye moja nimeandika jina la kwanza na mwaka, kwenye nyingine majina mawili yenye mstari wa chini katikati, kwenye nyingine jina la utani la shule lenye herufi z mbili. Picha nazo tofauti. Moja nimevaa miwani ambayo siivai tena.

Nikampigia yule mtu wangu mmoja aliyebaki, nikamuuliza kwa utani kama amewahi kumwelekeza mtu akanikosa. "Mbona wengi," akasema. "Nawaambia jina lako, wanasema hawalioni." Wengi! Na hakuwahi kuniambia, kwa sababu kwake halikuwa jambo.

Jina moja sasa, bila nukta, bila mstari, linaloandikwa kama linavyotamkwa. Kigezo nilichotumia ni kumtajia mtu kwenye simu mara moja tu halafu nione ameandika nini. Majina mawili ya kwanza niliyoyapenda yaliangukia hapo.

Siku ya 14

Hapa ndipo methali inaponipa shida. Kizuri chajiuza pale ambapo mnunuzi anakiona, anakishika, anakinusa. Kazi yangu ikiwa nzuri haionekani. Jedwali lililotengenezwa linafanana kabisa na jedwali ambalo halikuwahi kuharibika. Tena mteja hana haja ya kumwonesha mtu kwamba lilikuwa bovu.

Kwa hiyo sentensi peke yake ni ahadi tupu. Inahitaji kitu ambacho mtu anaweza kukifanya mwenyewe, sasa hivi, aone kwamba ninajua ninachosema. Nimeandika chapisho la kwanza, nalinakili humu kwa sababu nadhani ndilo bora nililowahi kuandika:

"Fungua faili linalokusumbua. Panua safu ya kiasi mpaka iwe pana kuliko namba zenyewe. Kama hakuna aliyezipanga kwa mkono, namba halisi itaegemea kulia mwa seli yake, yaani kisanduku chake. Namba ambayo programu inaiona kuwa ni maandishi italala kushoto. Sasa tazama: 250, 410, 90, 300, 150, 200. Ukijumlisha kwa kichwa ni 1,400. Jedwali linasema 1,100. Tafuta ile 300. Imelala kushoto. Fomula ya SUM imeiruka na haikukuambia kitu."

Chini yake nikaongeza mstari mmoja wa sababu: huenda ilinakiliwa kutoka mfumo mwingine, au kuna nafasi imejificha pembeni yake, au mtu aliweka alama ya ' mbele ya namba. Basi. Hakuna "nifuate kwa mengine mengi".

Siku ya 16

Ujumbe wa kwanza kutoka kwa mtu nisiyemjua. Hakuuliza kazi. Kaandika: "Zilikuwa tano. Zote zimelala kushoto. Mungu akubariki dada." Siuhesabu, ila nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Siku ya 23

Ujumbe wa kwanza wa kazi, na ndio ulioniharibia wiki.

"Habari dada. Nimeona unafanya jumla zikubaliane. Nina faili, jumla ya matumizi inazidi ya risiti. Naomba uzifanye zilingane kabla ya Ijumaa, utakavyoona wewe."

Nilianza kujibu kwa furaha. Ndipo macho yakarudi kwenye maneno mawili ya mwisho. Utakavyoona wewe.

Nikamwandikia: "Kaka, naweza kukutafutia mahali zinapotofautiana na sababu yake. Kuzilazimisha zilingane siwezi."

Akajibu baada ya dakika moja: "Sasa si umeandika mwenyewe?"

Na ni kweli. Nimeandika mwenyewe. Ninafanya jumla zako zikubaliane: hiyo ni ahadi ambayo mpishi wa hesabu anaweza kuitoa vilevile, tena kwa moyo mweupe zaidi yangu. Nilitafuta maneno mafupi na yanayovutia, nikapata sentensi inayomwita mtu wa aina mbili, na mmoja wao simtaki mlangoni. Kama ningekaa nayo mwaka mzima, nani ajuaye jina langu lingekuja kutajwa katika vikao gani.

Nimekasirika, na si na yeye. Alisoma vizuri. Mimi ndiye niliyeandika vibaya.

Siku ya 24

Rasimu kumi na saba. Nyingi ni takataka ("Hesabu safi, usingizi mnono", najua, najua). Kilichonisaidia ni kujiuliza swali moja: mteja akiondoka kwangu, ni kitu gani ninachoweza kumwahidi kila mara bila kudanganya? Siwezi kuahidi kwamba zitakubaliana. Wakati mwingine hazikubaliani kwa sababu hela hazipo. Ninachoweza kuahidi ni kumwonesha kosa lilipo.

"Jumla zako hazikubaliani? Nitumie jedwali, nikuoneshe kosa lilipo."

Herufi 66 pamoja na nafasi. Maneno manane. Inaanza na kilio cha mteja kwa maneno yake mwenyewe, inamwambia afanye nini, inamwambia atapata nini. Na anayetaka kupikiwa namba hataki kuoneshwa kosa lilipo, analijua tayari.

Nimeamua na masharti: kuonesha kosa ni bure kwa faili la kwanza, na jibu ndani ya siku moja. Kulirekebisha ndiyo kazi ya kulipwa. Nimeyaandika chini ya sentensi kwa lugha hiyohiyo.

Siku ya 31

Wiki nzima nimefanya kazi ya watu. Hakuna chapisho.

Siku ya 38

Nimetenda dhambi. Jumapili usiku, sina wazo, nikapachika picha ya machweo na nukuu ya kutia moyo kuhusu kutokukata tamaa. Ilipendwa mara nyingi kuliko machapisho yangu yote yaliyotangulia yakijumlishwa. Simu inalia tu.

Jumbe za kazi: sifuri. Halafu leo mteja wangu wa zamani kaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nimehamia kwenye kuhamasisha watu. Nimelifuta. Shida ya kitu kile si kwamba ni kibaya. Shida ni kwamba mtu yeyote angeweza kukiweka, na aliyekipenda hakupata sababu hata moja ya kukumbuka kuwa ni mimi.

Siku ya 45

Hii naiandika ingawa ningependa kuisahau.

Niliweka picha mbili za skrini, kabla na baada, za faili la mteja aliyenipa ruhusa kwa sharti la kuficha majina. Nikapaka weusi safu nzima ya majina na safu nzima ya simu. Nikaikagua. Nikaituma. Baada ya dakika ishirini msichana mmoja ninayemfahamu kwa jina tu kaniandikia faraghani: "Dada, angalia juu ya jedwali."

Juu ya jedwali kuna ule mwambaa mwembamba wa fomula, unaoonesha kilichomo ndani ya seli uliyoibofya mwisho. Mimi nilikuwa nimebofya seli ya jina. Jina kamili la mtu, safi, kwa herufi nyeusi kwenye weupe. Nilipaka mlango rangi nikaacha dirisha wazi.

Nikafuta mara moja. Halafu nikampigia mteja kabla hajasikia kwa mwingine, nikamweleza kilichotokea na kilikaa kwa dakika ngapi. Alisema "sawa". Tangu hapo hajaleta faili, na sitegemei alilete.

Kuanzia leo mifano yote naitengeneza mwenyewe kutoka mwanzo, kwa majina ya uongo na namba za uongo, na ninaiharibu kwa makusudi kwa namna ileile faili la kweli lilivyoharibika. Inachukua saa nzima zaidi. Mtu anayejinadi kuwa anaona makosa yaliyojificha hana haki ya kuacha lake juu ya jedwali.

Siku ya 58

Nimejaribu hadithi kubwa. Oktoba 2020 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza, Public Health England, ilitangaza kwamba visa 15,841 vya maambukizi ya korona vilikuwa havikuingia kwenye hesabu za kila siku. Aina ya zamani ya faili la Excel, ile ya .xls, inaishia mistari 65,536. Matokeo yaliyokuja baada ya hapo yakaachwa nje. Hakuna kengele iliyolia. Mwaka huohuo kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imebadilisha majina ya baadhi yake, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu programu ilikuwa inayageuza kuwa tarehe za Septemba. Wanasayansi wameshindwa na jedwali, wakabadilisha majina ya jeni!

Ilisambaa. Watu wamecheka, wamenukuu, wamegombana na watu wa kompyuta. Jumbe za kazi kwa wiki nzima: 2. Wiki iliyotangulia niliandika aya nne tu kuhusu sifuri ya mwanzo inayopotea kwenye namba za simu, na namna ya kuipanga safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika orodha. Karibu hakuna aliyeisambaza. Jumbe za kazi: 5.

Sitaki kujifanya nimeelewa sana. Lakini nadhani hadithi ya Uingereza ilimfanya msomaji aseme "jamani!" na ile ya sifuri ilimfanya aseme "mimi huyo". Nitaendelea na zote mbili, moja kubwa kwa ndogo sita, maana ile kubwa nayo imenipa kitu: watu watatu wameitaja kwenye mazungumzo yetu ya kwanza kama sababu ya kuniamini.

Siku ya 70

Siku ya kuhamisha mizigo. Mifano yangu yote ilikuwa imekaa kwenye akaunti za watu wengine, yaani kampuni. Nimekumbuka GeoCities, mamilioni ya kurasa za watu binafsi, Yahoo wakaifunga mwaka 2009. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida tarehe 2 Aprili 2019. Mwaka huohuo Myspace walikiri kupoteza nyimbo ambazo watu walikuwa wamezipakia kwa miaka kumi na miwili. Watu wale hawakukosea lolote. Walijenga vizuri kwenye kiwanja cha kupanga.

Nimesajili kikoa, yaani anwani yangu mwenyewe ya tovuti, kwa jina lile moja. Kusema kweli nacho ni cha kupanga: cha .com hulipiwa kwa miaka isiyozidi 10 kwa mkupuo, halafu unahuisha. Ila kodi nalipa mimi na mzigo nahama nao. Nimewasha malipo ya kujirudia, na barua pepe ya kupokea taarifa za kikoa nimeiweka kwenye anwani isiyotegemea kikoa hichohicho. Nilimwona mwenzangu akipotelewa na jina lake kwa namna hiyo: kikoa kiliisha muda, barua pepe ikafa nacho, na tahadhari zote zilikuwa zinatumwa kwenye ile barua pepe iliyokufa.

Ukurasa wenyewe ni mfupi. Sentensi juu, masharti mawili, kitufe cha kutuma faili, halafu mifano, kila mmoja ukiwa na kichwa kinachosomeka kama kilio cha mteja: "Jumla inabadilika nikichuja", "Tarehe 3/4 imekuwa Machi", "Sifuri ya mwanzo imepotea". Picha yangu nimeiweka chini kabisa. Rafiki yangu mbunifu kasema ukurasa ni mkavu. Ni mkavu.

Siku ya 83

Nimeichoka sentensi yangu. Nikiiona nasikia kichefuchefu. Asubuhi yote nimeandika mpya, yenye ucheshi, na nilikuwa nimeshafungua wasifu ili niibandike.

Nikajizuia kwanza, nikawauliza wateja watatu wa miezi hii: sentensi yangu ya juu ya ukurasa inasemaje? Hakuna aliyeikumbuka yote. Mmoja kasema "kitu kuhusu jumla". Wa pili kasema "unaonesha makosa". Wa tatu kasema "si ile ya namba kulala kushoto?"

Mimi nimeiona sentensi ile kila siku tangu siku ya 24. Wao wameiona labda mara mbili, wakipita, wakiwa na haraka, na kikao saa nane. Nilikuwa karibu kuiua wakati ndiyo kwanza imeanza kusikika. Ile ya ucheshi nimeitupa. Nitachoka peke yangu, kimyakimya.

Siku ya 96

Mama mdogo.

"Mwanangu, kuna mwenzangu mmoja alikuwa analalamika na mahesabu yake, nikamwambia mpe binti yangu. Nikasema, hesabu zikikataa kukubaliana, yeye anakuonesha kosa lilipo. Nimekosea?"

"Hujakosea mama mdogo."

"Maana wewe ukieleza huwa sielewi."

Kaisoma kwenye wasifu wangu. Sikuwahi kumweleza tena tangu siku ya 2. Kaibeba akaipeleka kwa mtu ambaye mimi simjui, katika chumba ambacho sikuwamo, na imefika ikiwa nzima isipokuwa "jumla" imekuwa "hesabu", na huenda kairekebisha kwa ubora.

Siku ya 104

Nimekataa kazi mbili wiki hii: mmoja anataka nembo, mwingine anataka nimfundishe binamu yake kompyuta kuanzia kuwasha. Za kwanza kuzikataa maishani mwangu zikiwa na hela mkononi. Nimewaelekeza kwa wenzangu wawili. Wa nembo kashukuru, halafu jioni kaleta jedwali la mauzo la ofisini kwao ambalo halijumlishiki.

Siku ya 120

Hesabu ya mradi: jumbe 23 za watu nisiowajua wanaouliza kazi, tisa zikawa kazi, wanne kati ya hao tisa wamesharudi mara ya pili. Mpishi wa hesabu hajatokea mwingine. Mteja mmoja nimempoteza kwa uzembe wangu. Yule mtu wangu mmoja wa zamani kaleta wawili kipindi hiki, na wote wamenipata kwa jina mara ya kwanza.

Nilitaka kufunga daftari hapa, lakini saa tatu usiku umeingia mwingine.

"Habari. Nimeambiwa wewe ndiye dada wa namba zinazolala kushoto. Naweza kukutumia faili?"

Wala si sentensi yangu. Miezi minne naichonga ile ya herufi 66, watu wakaniitia nyingine.

Nikalifungua. Nikapanua safu ya kiasi kama kawaida. Zote zimeegemea kulia, hakuna hata moja iliyolala. Nikashuka taratibu huku natazama namba za mistari pembeni. 2,904. 2,905. 2,906. Halafu 2,931.

Nikamwandikia: "Kosa lipo kati ya mstari wa 2,907 na 2,930. Kuna mtu kaificha hiyo mistari, na SUM bado inaihesabu. Ifichue, kisha uniambie ni ya nani."